KHERI BILA MPANGO HUFA NA MWENYEWE: MAFUNZO KUTOKA KILWA, KHAYBAR NA QUDS

 

Kila mwaka mwezi wa Ramadhan ukiingia, mitaa yetu hujaa vikundi vya kheri. Vijana wa msikiti huu wanakusanya unga, mchele, tende na mafuta ya kupikia. Wa msikiti ule wanafuturisha wapita njia barabarani. Akina dada wa mtaa wa pili wanatafuta nguo za Idi za mayatima. Alhamdulillah, ni jambo la kushukuru. Lakini hebu jiulize: vikundi vingapi kati ya hivyo utavikuta vikifanya kazi ifikapo Mfungo Sita?

Si ati watu wamekosa imani. Mambo ni haya haya ya kawaida. Mwenyekiti amepata kazi mji mwingine. Mweka hazina ameolewa na kuhama. Yule tajiri aliyekuwa akileta magunia biashara yake imeyumba. Wanaobaki wanatazamana, hawajui pesa zilikuwa zikitoka wapi, wala orodha ya wajane iko kwa nani. Na yatima aliyezoea kulipiwa karo anarudishwa nyumbani, hajui hata amkosee nani lawama.

Siku hizi mashirika yana jina la dawa ya ugonjwa huu. Yanaita mpango mkakati: maandishi yanayosema tunamsaidia nani, kwa pesa gani, nani msimamizi, na tutafika wapi baada ya miaka mitatu au mitano. Vijana wengi wakisikia neno hilo huguna. Wanadhani ni makaratasi ya wafadhili wa ng'ambo, hayahusiani na sadaka ya Muislamu. Basi leo tufungue historia kidogo, tuone kama kweli jambo hili ni geni kwetu.

KILWA, MWAKA WA 1331

Msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mwenyeji wa Tangier huko Morocco, alifika pwani yetu mwaka wa 1331. Alilala usiku mmoja Mombasa, kisha akaendelea hadi Kilwa. Mji huo wakati ule ulikuwa umetajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, na sultani wake alikuwa al-Hasan bin Sulaiman. Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa vile mkono wake haukukauka kutoa.

Ibn Battuta anasimulia kwamba siku ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha akamwomba zile nguo alizovaa mwilini. Sultani hakukasirika. Aliingia nyumba ya khatibu, akazivua, akavaa nyingine, na zile akampa fakiri. Mwanawe sultani baadaye akazichukua tena zile nguo, akampa fakiri watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyomshukuru, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. (Ndiyo, watumwa. Historia ya pwani yetu ina hilo pia, na haifai kulifunika.)

Tena sultani huyu hakuwa mtoaji wa ovyo. Fungu la tano la ngawira alilitenga litumike kama Qur'ani ilivyoelekeza, na sehemu ya masharifu aliiweka katika hazina yake peke yake, isichanganywe na nyingine. Masharifu walimjia kutoka Iraq, Hijaz na kwingineko.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Sultani huyo alipofariki, ndugu yake Daud alishika ufalme, na huyo tabia yake ilikuwa kinyume. Fakiri akija kuomba, hujibiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa mlangoni miezi kadhaa, wakapewa kidogo tu, mpaka mwishowe watu wakaacha kabisa kuja.

Ndugu msomaji, usiharakishe kumlaumu Daud. Tazama jambo lenyewe. Kilwa ilikuwa na mali, ilikuwa na nia njema, na ilikuwa hata na hazina zilizotengwa. Lakini funguo zote zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Siku alipokwenda kwa Mola wake, maskini wa Kilwa hawakuwa na kitu cha kushika na kusema: haki yetu imeandikwa hapa.

SHAMBA LA KHAYBAR

Karne saba kabla ya hapo, swali hili hili lilikwisha jibiwa. Baada ya Khaybar kufunguliwa katika mwaka wa 7 Hijria, sawa na 628 Miladia, Sayyidna Umar (r.a.) alipata shamba huko. Hakuwa amewahi kupata mali aliyoithamini kuliko hiyo. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumtaka ushauri alifanyie nini. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza kwamba akipenda, alizuie shamba lenyewe, na mavuno yake ndiyo yawe sadaka. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na wanazuoni wameifanya kuwa nguzo ya mlango wa wakfu.

Angalia sasa jinsi Umar (r.a.) alivyolipanga jambo lenyewe. Kwanza, asli haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Pili, wanaofaidika walitajwa mmoja mmoja: mafakiri, jamaa, watumwa wa kukombolewa, njia ya Mwenyezi Mungu, msafiri na mgeni. Tatu, msimamizi naye aliangaliwa: ameruhusiwa kula kwa wema na kumlisha rafiki, ila asijitajirishe kwa mali hiyo.

Na nne, katika mapokezi ya Abu Daud tunaona kwamba wasia huo uliandikwa. Mwandishi alikuwa Mu'ayqib, na shahidi Abdullah bin al-Arqam. Ndani yake msimamizi baada ya Umar alitajwa kwa jina: Bibi Hafsa (r.a.), binti yake, muda wote wa uhai wake, kisha mwenye rai njema katika jamaa zake. Bibi Hafsa ndiye yule aliyejua kusoma na kuandika, na ndiye aliyetunza kurasa za Qur'ani. Dada zangu mnaoambiwa kazi yenu katika kikundi ni kupika sambusa tu, mmesikia hilo?

Kwa hiyo katika shamba moja la mitende unapata kila kitu ambacho leo mtu huenda semina kufundishwa: lengo, walengwa, chanzo cha mapato, mpaka wa gharama za uendeshaji, na mrithi wa uongozi. Na Umar (r.a.) aliyafanya haya akiwa hai na mwenye nguvu. Hakungoja mauti yamkaribie.

BAKULI LILILOVUNJIKA DAMESKI

Turudi kwa Ibn Battuta. Kabla ya kuja kwetu alipita Dameski mwaka wa 1326, akashangazwa na wingi wa wakfu wa mji ule. Palikuwa na wakfu wa kumpeleka hija kwa niaba ya asiyeweza, wakfu wa kuwapamba maharusi ambao jamaa zao hawana uwezo, wakfu wa kukomboa mateka, wakfu wa wasafiri, na wakfu wa kutengeneza njia ili watembeao kwa miguu wapite vizuri pembeni.

Siku moja akiwa njiani akamwona mtumwa mdogo aliyeangusha bakuli la Kichina likavunjika. Watu wakakusanyika. Mmoja akamwambia mtoto akusanye vile vigae, awapelekee wasimamizi wa wakfu wa vyombo. Akaenda naye, akaonyesha vigae, akapewa pesa za kununua bakuli jingine kama lile. Ibn Battuta anaeleza sababu: bwana wa mtoto yule angempiga au kumkemea, na moyo wake ungevunjika pia.

Ni kichekesho kidogo, lakini tafakari. Mtu fulani alikaa chini, akawaza ni nani huumia kwa siri katika mji wake, akamwona mtumwa mdogo aliyevunja chombo. Hakusema tu, tutawasaidia wanyonge. Alilitaja tatizo lenyewe, akalitengea pesa, akaweka na namna ya kuthibitisha: lete vigae. Vikundi vyetu vingapi vimeandika lengo la "kuinua jamii" bila kusema nani ataonyesha vigae gani kwa nani?

JIKO LA QUDS

Mfano wa nne ni wa bibi. Hürrem Sultan alitekwa kutoka nchi ambayo sehemu yake leo ni Ukraine, akafikishwa Istanbul akiwa mtumwa, na mwishowe akawa mke wa Sultan Suleiman. Mwaka wa 1552 aliandika wakfu wa kujenga pahala pa kheri Quds: msikiti, vyumba 55 vya wageni, pahala pa kufikia misafara, na jiko kubwa la umma.

Ukisoma habari za hati ile utadhani unasoma daftari la mama mwenye nyumba aliye makini. Chakula ni mara mbili kwa siku. Asubuhi supu ya mchele, jioni supu ya ngano. Walengwa ni maskini 400 kila siku, mbali na wafanyakazi na wageni wa vyumbani. Usiku wa Ijumaa na masiku ya Ramadhan, nao wapate wali wa nyama na wali mtamu wa zafarani. Wafanyakazi walitajwa kwa kazi zao: wapishi, waokaji mikate, wachambuaji wa mchele, waosha vyombo, karani wa hesabu.

Na pesa? Hapo ndipo penye siri. Hürrem hakutegemea kwamba kila mwaka atatuma fedha kutoka Istanbul. Alitenga mapato ya vijiji, vingi vyao karibu na Ramla, pamoja na mali nyingine, yawe ya jiko hilo moja kwa moja. Alifariki mwaka wa 1558, miaka sita tu baada ya hati ile. Moto haukuzimika. Dola ya Uthmaniya yenyewe iliondoka Quds mwaka wa 1917, wakaja Waingereza, wakaja wengine, vita baada ya vita, na jiko lile likaendelea kupikia maskini hata katika karne hii ya 21.

Linganisha sasa. Sultani wa Kilwa alitoa nguo za mwilini mwake, na kheri ile ilikoma kwa mrithi wa kwanza. Hürrem aliandika idadi ya maskini na aina ya supu, na watu wakala kwa zaidi ya miaka 400 baada yake. Ukarimu wa sultani ulikuwa mkubwa, pengine moyo wake ulishinda mioyo mingi. Tofauti ilikuwa katika karatasi, na kile kilichofungamanishwa na karatasi ile.

HAPA KWETU LAMU

Usiseme hayo ni ya masultani na wake zao. Habib Swaleh, sharifu aliyezaliwa Visiwa vya Ngazija (Comoro), aliingia Lamu bila ya ufalme wala hazina. Alianza kwa kufundisha, na hakubagua: watoto wa watu wa chini na waliotokana na utumwa, waliokuwa wakifungiwa milango ya elimu, walikaa mbele yake kama wengine. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama Msikiti wa Riyadha. Alifariki mwaka wa 1935.

Je, kazi ilikufa? Wewe mwenyewe wajua. Wanawe na wanafunzi wake waliendeleza, na hadi leo wageni humiminika Lamu kwa Maulidi. Habib Swaleh alikuwa akiwaandaa watu. Kila mwanafunzi aliyehitimu alikuwa ni mwalimu wa kesho. Hilo nalo ni mpango, tena kwa kikundi kisicho na mali huenda ndio mpango wa kwanza: mwenyekiti wa leo awe na kijana mmoja pembeni yake anayejua kila kitu anachojua yeye.

KARATASI PEKE YAKE HAITOSHI

Hapa nisije nikakudanganya. Wapo walioandika vizuri na bado mali ikapotea. Pwani yetu imejaa mashamba, nyumba na viwanja vilivyowekwa wakfu na wazee wetu, na sheria ya makamishna wa wakfu imekuwepo katika vitabu vya Kenya tangu 1951. Hata hivyo, waulize wazee wa mtaa wowote wa kale: nyumba ya wakfu inayolipiwa kodi ya kiajabu ajabu, kiwanja ambacho hati yake haionekani, mapato yasiyosomwa hadharani. Maandishi yakifungiwa sandukuni ni kama dawa isiyonywewa.

Kwa hiyo mpango ni kitu cha kusomwa na kuhesabiwa. Karani wa hesabu wa jiko la Quds hakuwekwa kwa pambo. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara aya ya 282 ametuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi, na hilo ni baina ya watu wawili wanaoaminiana. Itakuwaje mali ya mayatima? Mweka hazina anayeambiwa alete risiti hajatukanwa. Amelindwa, duniani na akhera.

MPANGO WA KIKUNDI CHENU

Sasa nakuja kwako, kijana. Mkishamaliza Idi, kabla viatu vipya havijachakaa, kaeni jioni moja au mbili. Huhitaji mtaalamu wala hoteli. Leteni daftari, na mjibu maswali haya kwa maandishi.

La kwanza: ni nani hasa? "Kusaidia mayatima" si jibu. "Kulipia karo mayatima 15 wa mtaa wetu mpaka wamalize kidato cha nne" ni jibu. Ukiandika hivyo utajua mara moja unahitaji shilingi ngapi na kwa miaka mingapi. Ikiwa mnaweza watano tu, andikeni watano. Ni bora watano wafike mwisho kuliko thelathini waachwe njiani.

La pili: pesa zitatoka wapi mwezi wa Rajab? Ramadhan watu hutoa, hiyo twajua. Nabii Yusuf (a.s.) aliipangia Misri miaka 15: saba ya kulima kwa bidii, saba ya shida, na mmoja wa mvua baada yake. Katika ile ya neema, nafaka iliachwa katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula. Kikundi nacho kiwe na shuke zake. Tengeni sehemu ya sadaka, kwa ridhaa ya watoaji, mnunue kitu kinachozaa: viti na mahema ya kukodisha harusini, sufuria kubwa, tanki la maji, siku moja inshallah chumba cha kupangisha. Hilo ndilo shamba lenu la Khaybar.

La tatu: zaka iko wapi na sadaka iko wapi? Zaka ina wenyewe wanane, wametajwa katika Suratut Tawba aya ya 60. Haifai kuingizwa katika mahema ya harusi kwa kuwa tu ziko kwenye akaunti moja. Kama sultani wa Kilwa mnamo mwaka wa 1331 aliweza kutenga hazina, wewe mwenye simu ya kuhifadhi kila muamala una udhuru gani? Penye shaka, muulizeni sheikh wenu, na jibu lake pia liandikwe.

La nne: nani anashika, na nani baada yake? Andikeni majina mawili kwa kila cheo. Andikeni muda wa uongozi. Andikeni msimamizi anaruhusiwa kutumia kiasi gani kwa nauli na simu, ili asijinyime akachoka, wala asijipendelee akaharibu.

La tano: tutajuaje kama tumefika? Kila miezi mitatu bandikeni hesabu kwenye ubao wa msikiti: kilichoingia, kilichotoka, mayatima wangapi wako darasani. Mwisho wa mwaka someni mpango upya. Palipokosewa, rekebisheni bila kuoneana haya.

Na kama kikundi hakijasajiliwa, sajilini. Mtatakiwa kuwa na katiba. Lakini msichanganye: katiba husema ninyi ni nani, mpango husema mnakwenda wapi. Vikundi vingi vina ya kwanza na havina ya pili.

Huenda mtu akasema: mbona kutawakali? Ndugu yangu, kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia. Hata Umar (r.a.), pamoja na imani yake, hakusema shamba litajitunza.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwanaadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Chakula unachogawa usiku huu ni kheri, na malipo yake yako kwa Mola. Lakini ili sadaka iendelee, lazima pawe na kinachoiendeleza. Siku moja mjane atabisha mlango wa kikundi chenu, na wewe hutakuwepo: umehama, umezeeka au umekwenda kwa Mola wako. Atakayefungua mlango akute daftari, akute jina la mjane yule, na akute cha kumpa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu na sadaka zetu, azipe baraka juhudi za vijana wetu, na awarehemu waliotutangulia waliotuachia misikiti, visima na madrasa bila ya kutujua. Amin.